Ruta Iliyozima Kila Saa Nne

Wanangu, hadithi ya leo iko Shauri Moyo, jijini Nairobi, upande ule ambako nyundo za Kamukunji huanza asubuhi na mapema kugonga bati mpaka litoke sanduku, jiko, sufuria au wilbaro. Tuseme katikati ya mlio huo kuna ofisi ndogo ya chama cha mafundi. Chumba cha mbele kina kompyuta mbili na printa, cha nyuma ni cha mikutano. Katibu ni mama mmoja mchapakazi, na likizo hii amekuja na binti ya kaka yake, msichana wa shule ya sekondari.

Ofisi ina shida. Ankara za eTIMS, ule mfumo wa ankara za kodi, hukwama katikati, fomu za wanachama hazifiki, na mafundi wanapanga foleni wakinung'unika. Katibu ameshachoka.

"Kifaa hiki kimekufa. Kesho nanunua kingine."

"Shangazi, subiri kidogo," binti anasema. "Bado hatujajua kama ni chenyewe kibovu."

Hapo ndipo ninapompendea. Watu wazima wengi husema tu "mtandao umepotea", na kumbe maneno hayo hayo hufunika magonjwa tofauti. Binti anachukua daftari. Kila mtandao ukipotea anaandika saa, taa zipi za ruta zinawaka, nani anatumia nini, na ameketi chumba gani.

Kabla hatujalifungua daftari hilo, tujue ruta yenyewe hufanya nini. Mmewahi kusimama stendi ya Muthurwa wakati wa msongamano? Yupo mtu anayeelekeza kila abiria kwenye gari lake. Ruta ndiye mtu huyo. Simu yako ikiomba picha, ruta inatuma ombi nje na kukumbuka ni simu gani iliyoomba, ili picha ikirudi isiende kwa jirani yako. Kadiri simu zinavyoongezeka, ndivyo inavyolazimika kukumbuka mengi na kutumia nguvu zaidi.

Sasa tufungue daftari. Tatizo la kwanza: karibu kila siku saa nne asubuhi, mafundi wanapomiminika na simu zao, taa zote za ruta huzima, kisha huwaka upya. Taa zote zikizima kwa pamoja, usilaumu intaneti. Tazama stima. Binti anafuata waya hadi kwenye adapta na kusoma maandishi madogo mgongoni mwake. Ruta inataka volti 12 na ampea 1.5. Adapta ina volti 12, lakini ampea ni 0.5 tu. Ile ya awali ilipotea, ikanunuliwa hii kando ya barabara kwa kuwa kichwa chake kiliingia vizuri.

Hapa nataka mnisikilize sana. Volti za adapta lazima zilingane na zile zinazotakiwa na ruta. Ampea zinaweza kuzidi bila madhara, kwa sababu ruta huchukua inazohitaji tu. Zikipungua, ndipo matatizo huanza. Asubuhi simu zikiwa mbili, adapta dhaifu inamudu. Simu zikiwa ishirini, redio ya waifai inafanya kazi kubwa, umeme unashuka, ruta inazima na kujiwasha upya. Tena jirani ana mashine ya kulehemu. Akiigusisha kwenye chuma, hata balbu za ofisi hufifia kwa nukta moja. Adapta sahihi na kibetri kidogo cha akiba kinachowekwa kati ya soketi na ruta vinatibu yote mawili. Na adapta isifunguliwe kamwe na mtoto, kwa maana ndani yake mna umeme wa volti 240 unaoweza kuua.

La pili: taa zinawaka, chumba cha mbele kinafanya kazi, chumba cha nyuma hakipati kitu. Binti anachomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya. Intaneti inakimbia! Basi tatizo liko hewani. Anatazama huku na huku. Ruta imelazwa juu ya kabati la chuma, na kati ya vyumba viwili kumepangwa masanduku ya bati yanayongoja kupelekwa kwa wateja. Mawimbi ya redio hayapenyi bati, yakiligonga hurudi yalikotoka. Ofisi imejijengea ukuta wa kuzuia waifai yake yenyewe, kwa mali yake yenyewe! Ruta inahamishiwa kwenye ubao wa mbao, juu ukutani, karibu na mlango wa ndani, mbali na kabati.

Tena mtaa huu umejaa ruta, na nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hufika mbali lakini chaneli zake hupandana. Chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana, kwa hiyo unachagua ile yenye majirani wachache. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi na nafasi zaidi, ila huchoka upesi yakikutana na ukuta wa mawe.

La tatu lilitokea mara chache: taa zote ziko sawa, waya uko sawa, lakini kurasa hazifunguki. Hapa kuna amri iitwayo ping, ambayo hubisha hodi na kungoja jibu. Binti anabisha kwanza kwa ruta yenyewe, ambayo hapa anwani yake ni 192.168.1.1. Inajibu. Anabisha kwa 8.8.8.8, mashine ya Google iliyo nje kabisa ya ofisi. Ikijibu na majina ya tovuti bado hayafunguki, basi kinachokosa ni huduma ya kugeuza majina kuwa namba, na hiyo hurekebishwa katika mipangilio. Isipojibu, huenda kosa liko kwa mtoa huduma au mbali zaidi. Taa nyekundu ikiwaka kwenye kisanduku cha faiba, piga simu kwa mtoa huduma na usiukunje waya wa faiba, kwani ndani yake mna uzi wa kioo.

Na mbali kunaweza kuwa mbali kweli. Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Siku hiyo ungenunua ruta kumi na usingepata nafuu.

Basi, wanunue kipya au la? Adapta ilipobadilishwa, ruta ya zamani iliacha kuzima. Lakini simu zimeongezeka, nayo ni ndogo. Ushauri wangu ni kununua ruta yenye masafa yote mawili kwa chumba cha mbele, na ile ya zamani ipewe kazi ya kusambaza waifai chumba cha nyuma, ikiunganishwa kwa waya na kuzimwa kazi ya kugawa anwani, zisije ruta mbili zikagawa na kugongana. Kompyuta na printa zitumie waya. Wageni wapewe mtandao wao pembeni, na nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ile ile. Kabla ya kugusa chochote, nakilini mipangilio yote daftarini, hasa jina na nywila mliyopewa na mtoa huduma. Kuzima na kuwasha ruta hakufuti kitu, lakini kubonyeza na kushikilia kwa sindano kitufe kilicho ndani ya kitundu kidogo cha nyuma hufuta mipangilio yote.

Ikifika siku ruta imekufa kweli, msiitupe jalalani. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za kielektroniki. Kama bado inawaka, bonyezeni kwanza kitufe hicho kwa sekunde kumi au zaidi, nywila za ofisi zifutike, kisha ipelekeni.