Unabonyeza jina ulirekebishe, kisanduku kinagoma: Tatizo liko wapi?

Siku hizi ukitaka kubadilisha jina au namba ya simu, tovuti nyingi hazikupeleki kwenye fomu ndefu. Unabonyeza maandishi yenyewe, yanageuka kisanduku, unaandika, unahifadhi, basi. Huku ndiko kuhariri papo hapo. Si jambo geni: Internet Explorer 5.5 ya mwaka 2000 tayari iliruhusu maandishi kuhaririwa ndani ya ukurasa.

Shida inaanza pale mtengenezaji anapounda kisanduku kimoja chenye masharti yaliyofungwa, kisha anakibandika kila mahali. Matokeo yake Ng'ang'a au Ng'wandu anaambiwa jina lake si sahihi, eti kwa sababu ya ritifaa. Akiiondoa ili mambo yaende, jina halilingani tena na kitambulisho, na siku ya kuhakikiwa anaweza kukwama.

Dawa ni kutenganisha kazi. Kisanduku chenyewe kionyeshe maandishi, kipokee mabadiliko, kihifadhi au kighairi. Mengine kila ukurasa ujichagulie:

Kibodi. Kwenye namba ya simu ije kibodi ya tarakimu, kwenye jina ije ya herufi. HTML ina agizo la kufanya hivyo.

Masharti. Kanuni ya namba isitumike kwenye jina. Wengine hukataa ritifaa kwa sababu alama hiyo ina kazi yake katika amri za hifadhidata, na ikiingizwa ovyo inaweza kufungua mlango kwa wadukuzi. Lakini kinga yake ni kutuma jina kando na amri. Mwenye jina asilipishwe kosa hilo.

Muda wa kuhifadhi. Kuna visanduku vinavyohifadhi pindi tu unapobonyeza nje. Kwenye kompyuta sawa, ila kwenye simu kidole huteleza. Hapo batani za "Hifadhi" na "Ghairi" ni salama zaidi, na ziwe kubwa: mwongozo wa WCAG 2.2 wa mwaka 2023 unataka, kwa kawaida, angalau pikseli 24 kwa 24.

Mtandao ukikatika. Ulichoandika kibaki hapo hapo pamoja na kitufe cha kujaribu tena. Kukifuta ni kukulazimisha uanze upya.

Na wewe mtumiaji ufanyeje? Kama maelezo ni marefu, yanakili kabla ya kubonyeza "Hifadhi". Ritifaa ikikataliwa, angalia imetokeaje: baadhi ya simu huweka iliyopinda, wakati tovuti inaijua iliyonyooka tu. Kwenye iPhone, shikilia kitufe chake kwa muda uchague iliyonyooka. Ikigoma bado, usikate jina lako. Waandikie huduma kwa wateja, maana kinachotakiwa kurekebishwa ni kisanduku chao.