Fahamu: Chandarua cha bure au cha shilingi 40?

Wapo walioamini kwamba chandarua cha bure kitaishia kufunika vifaranga au kuvulia omena, hivyo mama mjamzito achangie kidogo ili akithamini. Badala ya kubishana, watafiti Jessica Cohen na Pascaline Dupas walikwenda kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, wakapanga bei kwa bahati nasibu: kwingine bure, kwingine shilingi 10, kwingine hadi 40. Hiyo 40 ilikuwa kizuizi kikubwa: katika kila wajawazito 100, kama 60 ambao wangekichukua bure walikiacha. Na walionunua hawakuonekana kukitumia zaidi ya waliopewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010.

Bahati nasibu ndiyo nyenzo yenyewe hapa: kliniki zinafanana, kinachotofautiana ni bei. Lakini jaribio hujibu lililoulizwa tu. Hili halikumuuliza asiyefika kliniki kabisa; huyo anajulikana na mkunga wa kijijini, kwa hiyo wanaopanga sera wawasikilize pia watu kama mkunga huyo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 118, inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi; basi tangazo la kikao cha kutoa maoni lisibandikwe jioni, kwa Kiingereza, huku kikao chenyewe kikiwa kesho yake asubuhi mjini.