Kutoa gia mteremkoni: nani analipa petroli uliyookoa?

Imani ya kutoa gia mteremkoni ili kuokoa petroli ina msingi wake. Corolla za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa na kabureta, na kabureta ya kawaida haijali kama gari linapanda au linashuka: injini ikizunguka, hewa inapita na kuvuta petroli. Dereva aliyetoa gia aliirudisha injini kwenye mngurumo wa gari lililosimama, na kweli mafuta yalipungua. Kwa hiyo walioanza kuendesha zama zile hawakuzua.

Gari la injeksheni, yaani karibu kila Vitz, IST, Probox au Carina iliyoko barabarani leo, ni habari nyingine. Ukiondoa mguu kabisa kwenye pedali ya mafuta huku gia ikiwa ndani, kompyuta inafunga nozo. Injini haichomi kitu. Inazungushwa na matairi. Mizunguko inaposhuka kukaribia 1,200 hivi kwa dakika, nozo hufunguka tena isije injini ikazima, na kwenye gari la gia za mkono unaweza kuhisi limeshtuka kidogo. Sasa toa gia: injini lazima ichome petroli ili isizime. Injini ndogo inayonguruma bila kazi hula takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa. Ni kidogo, lakini ni zaidi ya sifuri.

Ipo hali moja inayompa haki mtoa gia. Kwenye mteremko mdogo sana, gia hulizuia gari hadi ulazimike kukanyaga mafuta tena, ilhali bila gia lingeserereka lenyewe. Faida hiyo ni ya kweli, ila ni ya matone, na gari lenye umri mkubwa huilipia kwingine.

Breki ndizo za kwanza kulipa. Ukishuka mlima Kitonga bila gia, uzito wote wa gari unabebwa na pedi na diski. Zikipata moto kupita kiasi, mshiko unapungua, na kama oili ya breki imekaa miaka bila kubadilishwa, itakuwa imenyonya maji: inachemka mapema, pedali inalainika na mguu unazama. Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, imepata sifa yake mbaya kwa malori yaliyoachiwa hivyo. Anayezima injini kabisa amejiongezea balaa, kwa sababu busta ya breki hubaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili tatu tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani wa pawa nao unakuwa mzito.

Gia za otomatiki zina kisa chao. Pampu inayosukuma oili ndani ya giaboksi huendeshwa na injini. Injini ikizimwa gari likitembea, vyuma vinazunguka bila kulainishwa. Hata isipozimwa, kurudisha D kwa kasi kunazigongesha klachi za ndani, ambazo katika gari la miaka 20 zimeshachoka. Toyota nyingi za umri huo zina kitufe cha O/D kwenye mkono wa gia. Kibonyeze unapoanza kushuka, taa ya O/D OFF iwake, na injini itakushikia gari bila kula petroli.

Akiba kubwa iko machoni. Anayeona foleni mita 200 mbele na kuachia mafuta mapema, gia ikiwa ndani, anatembea bure. Anayekanyaga mpaka mwisho kisha akafunga breki amegeuza petroli aliyoilipia kuwa joto. Mwendo nao una gharama: ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, ukinzani wa hewa huongezeka kwa zaidi ya nusu. Ila usizidishe ubahili wa kung'ang'ania gia ya tano gari likiwa linapanda huku linatetemeka. Injini kuukuu yenye masizi kwenye vyumba vya mwako itaanza kugonga, na mauntini zitakatika kabla ya wakati.

Halafu kuna themostati, na hapa nina ugomvi na mafundi. Gari likichemsha, wengi huichomoa na kuitupa, kisha mteja anaambiwa tatizo limekwisha. Bila themostati, injini huchelewa kufikia joto lake, na katika safari ndefu zenye upepo mwingi huenda isilifikie kabisa. Sensa inaendelea kuiambia kompyuta kuwa injini ni baridi, nayo inaendelea kumimina mafuta mengi kama ya asubuhi. Mshale wa joto ukibaki chini hata baada ya nusu saa ya mwendo, muulize fundi wako kama themostati ipo. Na kama gari bado linachemsha ikiwa imerudishwa, basi akague rejeta, feni na pampu ya maji, ambako ndiko alipaswa kuanzia.