Dawa ya kusukutua haichukui nafasi ya mswaki



Siku ya likelemba, tulipomaliza kuhesabu pesa, mama mmoja alitoa chupa ya maji ya kijani kwenye mfuko wake. Aliinunua kwa mtu anayetembeza dawa sokoni Kadutu. Aliambiwa kwamba jamaa yote ikisukutua nayo kila asubuhi, mswaki si lazima tena. Wengine wakaanza kuuliza bei.

Mwenzetu mmoja akasema: "Mimi nilifanya hivyo na mtoto wangu wa miaka mitano. Kinywa kilinukia vizuri, kumbe jino linaoza. Shavu lilipovimba ndipo nilikimbia kwa muganga, jino likang'olewa."

Kwa nini maji yale hayakumsaidia? Wote tunajua sufuria ya bugali. Ikikauka, hata ukiimwagia maji mara ngapi, bila kusugua haitoki. Meno nayo ni vivyo hivyo. Vijidudu vya kinywani hujenga utando unaonata juu ya jino. Vinakula sukari ya chai, biskuti na mandazi, halafu vinatoa asidi inayotoboa jino polepole. Dawa ya kusukutua inapita juu ya utando huo na kuacha harufu nzuri tu kwa muda. Kinachouondoa ni mswaki.

Basi, kama pesa ni kidogo, tuanze na mswaki wa kila mtu na dawa ya meno yenye floridi. Tupige mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, na ule wa usiku kabla ya kulala tusiukose. Mtoto wa chini ya miaka mitatu anatosheka na dawa kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Tumsaidie kwa mikono yetu mpaka afike miaka saba hivi. Akimaliza, ateme tu, asisukutue na maji mengi, ili floridi ibaki ikilinda meno.

Mama ambaye tayari ana chupa ya dawa yenye floridi anaweza kuitumia saa nyingine, kwa mfano baada ya chakula cha mchana, si mara tu baada ya mswaki. Asile wala kunywa kwa nusu saa. Mtoto wa chini ya miaka sita asipewe, kwa sababu ataimeza. Dawa nyingi za namna hii zina pombe ndani, kwa hiyo chupa ikae mahali mtoto hafiki. Ile yenye klorheksidini ni ya siku chache, kwa shauri la muganga. Ikitumiwa muda mrefu inachafua rangi ya meno.

Ufizi ukiuma, nusu kijiko kidogo cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu inatuliza. Sukutua, kisha tema. Lakini chumvi haizibi tundu la jino.

Na mama mjamzito akiona damu kwenye ufizi, asiache mswaki. Mimba inafanya ufizi uvimbe upesi, na uchafu ukibaki, hali inazidi. Achukue mswaki laini, na amwambie mkunga siku ya kupima mimba.

Kuna dalili moja isiyongoja. Mtoto aliyekonda, au aliyetoka kuugua surua, akiwa na ufizi wenye kidonda, damu na harufu mbaya, tumpeleke kituo cha afya siku ileile. Inaweza kuwa noma, ugonjwa unaokula uso wa mtoto kwa siku chache. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Ukishikwa mapema, unatibika.

Leo usiku, kabla ya taa kuzimwa, tuhesabu miswaki ya nyumbani: je, kila mtoto ana wake?