Tumbo la Mtoto Likivimba Upande Mmoja



Mtoto wa huku Usenge akivimba tumbo, majirani husema mambo matatu: minyoo, bandama, ama sihoho. Bandama ni kweli mara nyingi. Malaria ya kurudi-rudi huivimbisha, na kichocho tunachokipata ziwani huharibu ini na kuvimbisha bandama vilevile. Lakini kuna uvimbe mwingine, na hapo ndipo kukisia huua.

Juu ya kila figo Mungu ameweka tezi ndogo kama kofia. Hutoa homoni za kushikilia presha na chumvi ya mwili. Mara chache sana tezi hii hufanya kifuko cha maji au damu. Kwa mtoto mchanga, chanzo mara nyingi ni uzazi mgumu: mtoto mkubwa, amekawia njiani, akakosa hewa, tezi ikavuja damu ndani. Macho yaweza kuwa manjano, damu ikapungua, ubavu ukavimba. Kwa kawaida damu hiyo hunywea yenyewe baada ya majuma au miezi. Basi daktari akisema, "Tungoje, mrudishe apigwe picha tena," hajamtupa mtoto wako. Picha ya pili ndiyo husaidia kutofautisha kifuko na saratani ya tezi hiyo hiyo. Mama asiporudi, hakuna atakayejua.

Mtoto mkubwa huweza kulia uchungu wa ubavu, au presha yake kupanda, au asisikie chochote. Kwanza hupigwa ultrasaundi, ambayo haina uchungu. Kisha huenda akahitaji skani ya CT, na vipimo vya homoni katika damu na mkojo. Msidharau ule mkojo! Kuna uvimbe unaofanana na kifuko cha maji kumbe unatoa homoni kali. Ukidungwa au kukatwa bila matayarisho, presha hupanda ghafula na mtoto aweza kufa mezani. Kama daktari mwenyewe anaogopa kudunga kabla ya kupima, je, yule wa wembe na majani?

Kifuko kidogo kisicho na shida huangaliwa tu. Kikubwa, chenye maumivu au chenye kutoa homoni, hutolewa. Tezi moja ikiondolewa, ile nyingine ikiwa nzima humtosha.

Kuna jambo linaloonekana zaidi kwetu kuliko kifuko hicho, nalo ni saratani ya Burkitt. Daktari Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958. Huvimbisha taya au tumbo, na hukua upesi mno, hata kwa siku chache. Dawa za saratani ndizo huitibu, si kisu, na watoto wengi hupona wakifika mapema. Juma tatu kwa mganga ni nyingi mno.

Kwa hiyo usiukande uvimbe wala usiuchanje. Andika siku ulipouona, na kama kuna homa, kukonda au damu kwenye mkojo. Anzia kituo cha afya, nao watakutuma Bondo, Siaya, ama Jaramogi kule Kisumu, ile wazee bado wanaiita Russia. Msajilini mtoto SHA (iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024) kabla hajaugua. Na kikundi kitenge kidogo cha nauli, ya kwenda na ya kurudi kwa ile picha ya pili.