Piko si hina

Mkesha wa Idi, vichochoro vya Mji Mkongwe hunukia hina, nao mabinti hunyoosha mikono kwa mama zao. Hilo ni pambo la halali. Tatuu, ipenyezayo wino chini ya ngozi, ndiyo haramu. Laana ya mchoraji na mchorwaji imo katika hadithi ya Ibn Mas'ud waliyoipokea Bukhari na Muslim.

Tunaloliogopea sisi ni piko. Hii ni dawa ya nywele, yenye kemikali iitwayo PPD, nayo huchorwa mikononi mwa maharusi wetu, na kwa watalii wa pwani huitwa hina nyeusi. Hina ya kweli haina weusi wa makaa. Hukaa saa kadhaa ikatoa wekundu au kahawia. Piko hushika upesi, ndiyo maana hupendwa. Lakini kwa baadhi ya watu, siku chache baadaye ua hufura likawa malengelenge, na kovu likabaki na umbo la ua. Tena mwili hausahau: miaka mingi baadaye, akitia nywele rangi, uso huweza kumvimba. Umoja wa Ulaya huiruhusu nyweleni tu, isizidi asilimia 2.

Mwulizeni mpambaji amekoroga nini, kabla hajaushika mkono wa mtoto.