"Write off" si msamaha wa deni

Mfanyabiashara wa Namanga au Mutukula mwenye mkopo wa benki huweza kupokea barua ya Kiingereza inayosema deni lake ni "written off", akashusha pumzi. Asiharakishe.

"Write" ni kuandika, na "off" hapa ni kuondoa. Usemi huu ulianzia katika vitabu vya hesabu vya Waingereza, karne ya 17: karani aliandika kwamba kiasi fulani kimepunguzwa kwenye jumla. Ni habari ya daftari la mkopeshaji, si ya mdaiwa. Benki huweza kuliondoa deni vitabuni na bado ikamfuata mkopaji, au ikampa dalali kazi hiyo. Msamaha wa kweli huandikwa waziwazi kwamba mtu hadaiwi tena. Hiyo ndiyo barua ya kuomba.

Baadaye usemi ukahamia kwa watu, anayeonekana hafai tena, na barabarani. Lori lililopinduka, ambalo kulitengeneza kunazidi thamani yake, kampuni ya bima huliita "write-off". Mwenye bima kubwa hapo hulipwa thamani ya lori, si matengenezo, na mabaki kwa kawaida huchukuliwa na bima.